Unanunua kigari cha mtoto mwenye mahitaji maalum cha kwenda nacho Disney? Anza na pete nne

Kila Desemba ikikaribia wazazi wenzangu wananiandikia kuhusu safari ya Walt Disney World, zile bustani za burudani kule Florida, na tangu Kenya Airways waanze kuruka moja kwa moja mpaka New York mwezi wa kumi 2018 maswali yameongezeka, kwa sababu ukishafika New York, Orlando, mji ulio karibu na Disney, si mbali tena. Maswali yenyewe ni yaleyale: magurudumu makubwa ama madogo, kitambaa kinafuliwa vipi, kivuli cha jua kiko, rangi gani zimebaki. Hayo sitayagusa leo, muuzaji yeyote wa Nairobi atakueleza yote kabla hujamaliza kumsalimia. Mimi nataka tuongee vile hicho kigari kitapanda basi.

Kuna mama mmoja wa South B, kijana wake ana miaka tisa, ana mtindio wa ubongo na shingo bado haijakaza. Duka moja hapa mjini lilimuuzia kigari kizuri sana kwa macho, akaambiwa hiki ndicho cha safari, akalipa pesa ambayo ukoo mzima ulikuwa umechanga. Asubuhi ya kwanza kule Florida wako kwenye steji ya basi pale hotelini, dereva anawaeleza kwa heshima kabisa kwamba hicho kigari lazima kikunjwe kwa sababu hakina mahali pa kufungia mikanda. Sasa baba amempakata kijana kwenye siti huku mkono mmoja umeshika kichwa chake, mama amebaki amesimama na fremu iliyokunjwa, kiti ambacho kimechomoka, begi la dawa, na basi limejaa watu wanataka kuondoka. Kuanzia siku hiyo walilipa teksi kila walikoenda, na mabasi ya bure yanapita tu mbele yao. Dereva hakukosea, hiyo ndiyo sheria yao. Aliyekosea ni aliyemuuzia.

Tuelewane kwanza vile usafiri wa kule ulivyo. Kuna mabasi, kuna ile treni ya juu ya monorail, kuna maboti, na kuna Skyliner, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo, vilivyoanza 2019. Kwenye monorail kigari kinaingia kikiwa wazi, mtoto akiwa ndani, hakuna shida. Basi ndilo lenye masharti: kigari cha mtoto kinakunjwa kabla ya kupanda. Kinachobaki wazi mtoto akiwa amekaa ndani ni kile kinachoweza kufungwa kama kiti cha magurudumu, yaani kinapandishwa kwa rampu alafu dereva anakifunga kwenye sakafu kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma. Wazazi wengi wameshasikia kuhusu lebo inayotolewa kwenye ofisi za Guest Relations ikionyesha kwamba kigari chako kinatumika kama kiti cha magurudumu, na wanadhani hiyo lebo inamaliza mambo yote. Ichukueni, ni ya bure na inasaidia sana kwenye foleni na kwenye majengo ambako vigari vya kawaida vinaachwa nje, lakini lebo haimshikilii mtoto dereva akikanyaga breki.

Mikanda minne inahitaji pete nne. Ni pete za chuma, mbili mbele mbili nyuma, zimeshikana na fremu yenyewe, na kando ya kila moja kuna alama ndogo ya ndoano. Ukiona hiyo alama ya ndoano, na kibandiko chenye namba WC19 kama ni kigari cha soko la Marekani ama ISO 7176-19 kwa nchi nyingine, ujue hiyo fremu imewekwa kwenye mtambo wa kupima ajali na kugongeshwa kwa mwendo wa karibu kilomita 48 kwa saa ikiwa na mwanasesere ndani, na mwanasesere akabaki mahali pake. Kampuni nyingi huita toleo hilo Transit.

Na hapa ndipo tunaumizwa. Modeli ni moja, jina ni moja, picha kwenye intaneti ni moja, lakini kigari kinatengenezwa kikiwa na Transit ama bila Transit. Wauzaji wetu wanaagiza ile ya bila kwa sababu ni ya bei ya chini kwao, alafu wanakuuzia kwa jina lilelile kubwa. Ukiuliza unajibiwa ati hiyo mambo ya Transit ni ya wazungu, Kenya hatuna mabasi ya rampu. Ni kweli matatu zetu hazina rampu, konda atakubebea kigari akitupe kwenye keria na safari iendelee, lakini mteja amekuambia waziwazi anakwenda Florida, sasa mbona unamjibu kama ni wa Rongai? Na ata hapa nyumbani kuna familia zimeanza kupata zile Noah za Welcab kutoka Japani, zenye rampu nyuma na mikanda ya sakafuni, hao nao wakija na kigari kisicho na pete inabidi mtoto ashikiliwe na mikono ya mtu njia nzima.

Usikubali pia kuambiwa kwamba fundi atachomelea pete baadaye. Mafundi wa Kamukunji nawaheshimu sana, wamenitengenezea vitu vingi na vimedumu, lakini kilichopimwa kwenye mtambo ni fremu nzima ikiwa na pete zake kutoka kiwandani. Pete iliyochomelewa hakuna anayejua itafanya nini gari likigonga. Transit inaagizwa siku ya oda, si baadaye.

Kitu kingine, mikanda ya kigari yenyewe, ile ya kifuani na kwenye mapaja, kazi yake ya kwanza ni kumkalisha mtoto vizuri. Ndani ya gari anahitaji juu yake mkanda wa gari unaopita kiunoni na begani. Na kama mtoto wako anaweza kuhamishiwa kiti cha gari cha kawaida, mhamishe, hiyo daima ni salama zaidi.

Sasa tupange.

Namba moja kwangu ni Convaid, na siwezi kujifanya sina upande, ningekuwa na pesa ya vigari viwili vyote vingekuwa vya Convaid. Ni kampuni ya Marekani iliyoanzia California na imekuwa ikitengeneza vigari vya watoto wetu tangu miaka ya 1970. Ninayoipenda zaidi ni Rodeo, kwa sababu kiti chote kinalala nyuma mpaka digrii 45 bila kubadilisha vile mtoto amekaa, nyonga na magoti yanabaki palepale, kwa hivyo mtoto ambaye shingo haijakaza anapumzika kichwa bila kuteleza. Cruiser yao ni nyepesi na rahisi zaidi, lakini mlalo wake ni mmoja tu, haubadiliki, kwa hivyo ni ya mtoto anayejishikilia kichwa. Zote mbili unaweza kuzipata za Transit. Alafu kuna jambo ambalo wanaoandika kuhusu hivi vigari hawalitaji kabisa: Convaid zinakunjika zikiwa kitu kimoja, kiti na fremu pamoja, kama mwavuli. Hiyo ndiyo inakuokoa mahali ambapo lazima ukunje, kwa sababu kuna siku nafasi za viti vya magurudumu kwenye basi zimejaa, na kuna wakati uko mlangoni pa ndege, na pia kuna kurudi Nairobi ambako teksi ya Bolt inayokuja ni Vitz na buti imeshaliwa na mtungi wa gesi.  Kigari kinachotaka sakafu safi ya kuwekea kiti kando, huyo mama wa South B atakuambia kinavyokuwa.

Namba mbili si kununua, ni kukodi. Orlando kuna kampuni zinazokodisha vigari vya mahitaji maalum na wanakuletea hotelini, Convaid zikiwemo. Kama mtoto tayari ana kiti kizuri cha nyumbani na safari ni moja tu, hii inaweza kukupunguzia gharama na mzigo. Lakini andika kwenye oda kwamba unataka Transit, usidhani inakuja yenyewe, na utume vipimo vya mtoto mapema. Usichanganye na vile vigari vinavyokodishwa ndani ya Disney yenyewe, hivyo ni vya plastiki ngumu na haviruhusiwi kutoka nje ya bustani, kwa hivyo kwenye basi haviwezi kukusaidia.

Namba tatu nawaweka Wajerumani pamoja, EASyS ya Thomashilfen na Kimba ya Otto Bock. Kwa kukalisha mtoto hizi ni kazi safi sana, na mtu wa tiba akikushauri uchukue mojawapo kwa sababu ya mgongo wa mtoto, msikilize yeye, usinisikilize mimi. Zinapatikana za kufungwa kwenye gari. Shida yangu ni kwamba kiti kinatoka kwenye fremu, kwa hivyo ukilazimika kukunja una vipande viwili mkononi, na kwa mzazi anayesafiri peke yake na mtoto hiyo ni kazi nzito.

Namba nne, Maclaren Major. Ni ya wale waliogundua kigari cha kukunjika kama mwavuli mwaka 1965, ni nyepesi, inabeba mpaka kilo 50, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na hizo za juu. Kwa mtoto anayetembea kidogo akachoka, ama mwenye usonji anayehitaji mahali pake pa kutulia, inatosha kabisa, kwa sababu huyo anaweza kushuka akae kwenye siti ya basi huku wewe ukikunja. Kwa mtoto asiyeweza kukaa peke yake, Major ya kawaida haina pete, na hapo mazungumzo yanaisha.

Za bei rahisi, zile pana za kuitwa "za mahitaji maalum" kwa sababu tu ni kubwa, sina mengi. Pima upana na urefu kabla ya kulipa: Disney tangu 1 Mei 2019 hawaruhusu kigari cha mtoto kinachozidi sentimita 79 upana na 132 urefu, na zile trolley za kukokota zilizojaa sokoni sasa zimepigwa marufuku kabisa.

Kiti cha kila siku cha barabara zetu ni hadithi nyingine. Kwa hicho nenda APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, pale Waiyaki Way, wako kwenye hii kazi tangu 1958, na ata kama utaagiza kigari kutoka nje usiagize kabla mtaalamu hajampima mtoto nyonga, mapaja na mgongo. Saizi ya umri haipo kwa watoto wetu.

Sasa bei. Wauzaji wa Nairobi mbona hamwandiki bei? Kila tangazo ni "njoo inboksi", mzazi akifika inboksi anaulizwa kwanza anaishi wapi, akisema Kileleshwa bei ni moja, akisema Kayole ni nyingine. Hiki si kiatu. Mzazi anayetafuta kigari hiki hana jinsi, na nyinyi mnajua hana jinsi, ndiyo maana inauma.

Na kuna hii ya forodha ambayo wengi wamelipishwa bila kujua. Kwenye orodha ya ushuru, viti na vigari vya watu wenye ulemavu viko chini ya namba 8713, vigari vya watoto wachanga viko chini ya 8715. Kwa 8713 ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki ni sufuri. Lakini muuzaji wa ng'ambo akiandika kwenye invoisi "kigari cha mtoto" tu, wakala wako anakiingiza kwa 8715 na unalipa kama mtu aliyeagiza pramu ya fasheni. Kuna wakala niliyemwambia hili akanijibu ati tofauti ni ndogo, tulipe tu yaishe. Hatulipi yaishe. Omba muuzaji aandike kwenye invoisi kwamba ni kiti cha magurudumu cha mtoto mwenye ulemavu, pamoja na namba ya modeli na neno Transit, na uhakikishe mtoto ameandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu kabla mzigo haujafika.

Mama wa Kayole aliyeniuliza kuhusu Cruiser ya mitumba iliyotoka Uingereza: mwambie huyo jamaa anayekuuzia akutumie picha nne, moja ya kila pete, na picha ya kibandiko ikisomeka vizuri, kabla ya kutuma chochote kwa M-Pesa. Pete zikiwa tatu, ama moja imepinda, ama kama kigari kiliwahi kuwa ndani ya gari lililogonga, achana nacho, fremu iliyoshapigwa mara moja haitumiki tena kwenye gari. Na kama kijana wako bado hajajishikilia kichwa, subiri upate Rodeo, na uiagize ikiwa na kishikio cha kichwa kutoka mwanzo, kwa sababu ukikiagiza baadaye kinakuja peke yake na usafiri unalipa mara ya pili.