JSTOR kwa mtafiti wa Nairobi: inafaa, lakini ujue kutafuta humo

Ukianza tasnifu ya historia, fasihi au anthropolojia, utaambiwa uanze na JSTOR. Si ushauri mbaya. Hifadhidata hii iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995 ni ghala la majarida ya zamani: The Journal of African History, kwa mfano, imo tangu toleo la kwanza la 1960. Kasoro iko kwenye mapya. Majarida mengi yamewekewa ukuta unaosogea, yaani matoleo ya miaka ya karibuni, kwa kawaida 3 hadi 5, hayamo, kwa hivyo anayeitegemea peke yake atamletea msimamizi mapitio yaliyochacha.

Ukiwa kwenye waifai ya chuo unatambuliwa moja kwa moja. Ukiwa nyumbani Umoja au Kasarani, usianzie kwenye tovuti ya JSTOR. Pitia ukurasa wa maktaba ya chuo, uingie kwa akaunti yako, ndipo ubofye kiungo. Jina la chuo lisipojitokeza, bado uko nje. Asiye na chuo afungue akaunti ya bure: anasoma hadi makala 100 kwa siku 30, mtandaoni tu, bila kupakua. Bando litaliwa, maana kurasa za zamani ni picha.

Kwenye kutafuta ndiko wengi hukwama. Maneno mawili yakiandikwa bila kitu kati yake, JSTOR huyasoma kama yameunganishwa na AND, yaani makala lazima iwe na yote mawili. Fungu la maneno litie kwenye alama za kunukuu. Ukiongeza ~10 mwishoni, kama "ardhi mirathi"~10, unapata kurasa ambamo maneno hayo yamekaribiana. Kinyota nacho kinafaa kwa Kiingereza: farm* inaleta farmer na farming. Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni, na JSTOR haikubali kinyota mbele ya neno. Hakuna njia ya mkato hapo, andika (mkulima OR wakulima OR kilimo), OR ikiwa kwa herufi kubwa.

Majina pia yanapoteza watu. Hadi 1920 Kenya iliitwa East Africa Protectorate, na anayeandika Kenya peke yake anaziacha makala zinazotumia jina hilo. Tafuta (Kikuyu OR Gikuyu). Zaidi ya hayo, maandishi ya zamani yalisomwa na mashine kutoka kwenye picha, nayo hukosea herufi, hasa chapa ikiwa hafifu. Neno la Kiswahili likikosekana, jaribu la Kiingereza kabla ya kukata tamaa.

Kwa majarida yanayochapishwa Afrika, ongeza AJOL (African Journals Online), iliyoanza 1998. Huko pekua jarida toleo kwa toleo, inalipa kuliko kisanduku cha kutafutia. Na wa utabibu au uuguzi? JSTOR iache, nenda PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, kutafuta humo ni bure.