Dipleksa za antena na dishi: kebo moja kwa ving'amuzi viwili

Kwa nyumba nyingi za zamani hapa Moshi, ambazo bomba la nyaya lililozikwa ukutani halina nafasi ya zaidi ya kebo moja, jozi ya dipleksa (vifaa vidogo vinavyounganisha mawimbi ya antena na ya dishi kwenye kebo moja na kuyatenganisha tena) niliyoinunua katika duka la vifaa vya elektroniki karibu na soko kuu ni kifaa ninachokipendekeza bila kusita. Kwa kuifunga jozi hiyo, nimeweza kutumia king'amuzi cha antena na king'amuzi cha dishi kwa wakati mmoja bila kutoboa ukuta.

Dipleksa ya kwanza hufungwa nje, mahali ambapo kebo ya antena na kebo ya dishi zinakutana. Antena huleta mawimbi yaliyo kati ya MHz 470 na 862, ilhali yale ya dishi, baada ya kushushwa masafa na LNB (kile kipokezi kilicho mbele ya dishi), huwa kati ya MHz 950 na 2,150. Kwa kuwa makundi hayo hayagusani, yanaweza kupita katika kebo moja bila kuharibiana, na dipleksa ya pili, iliyoko sebuleni, huyachuja na kulipeleka kila kundi kwenye king'amuzi chake. Picha zimebaki safi pande zote mbili, na kipimo cha ubora kinachoonekana kwenye menyu ya king'amuzi cha dishi hakikushuka.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba muuzaji alinipa kwanza splita, akisisitiza kuwa kazi ni ileile. Si ileile hata kidogo. Splita ya njia mbili hugawa nguvu yote ya mawimbi bila kujali masafa, hivyo kila upande hupoteza zaidi ya nusu, yaani zaidi ya desibeli 3. Na zikifungwa mbili, moja juu na moja chini, hasara hiyo hujirudia. Dipleksa hutenganisha kwa masafa, na kwa hiyo hasara yake ni ndogo zaidi. Mnunuzi aangalie maandishi kwenye matundu yenyewe: dipleksa huwa na tundu la antena na tundu la dishi yaliyotajwa waziwazi, wakati matundu ya kutokea ya splita hufanana.

Umeme nao unahitaji uangalifu. King'amuzi cha dishi hupeleka volti 13 au 18 kwenye LNB kupitia kebo hiyohiyo, kwa hiyo tundu la dishi lazima liruhusu umeme upite na lile la antena liuzuie. Dipleksa hizi zinafanya hivyo vizuri, ingawa karatasi ya maelezo haisemi lolote kuhusu jambo hilo, na mwenye antena yenye busta (kikuza mawimbi) inayolishwa umeme kupitia kebo atahitaji kuihamishia nje chanzo chake cha umeme.

Gamba la dipleksa ya nje ni jepesi mno kwa mvua za masika; niliifunga chini ya paa na kuzungushia konekta zake utepe wa mpira, na ningefurahi kama watengenezaji wangeongeza kifuniko. Aidha, jozi hii haifai kwa mwenye madishi mawili, kwa sababu mawimbi ya LNB zote mbili huangukia masafa yaleyale na hakuna kichujio kitakachoyatenganisha. Huyo atahitaji kebo mbili, au swichi ya DiSEqC, ambayo huchagua dishi kwa amri ya king'amuzi, ikiwa anatumia king'amuzi kimoja na anaridhika kutazama dishi moja kwa wakati.