Data za tokeni: Etherscan au ethereum-etl?

Kwa aliyeko Mbeya na bando la kuhesabu, chaguo hili si dogo. Etherscan, tovuti inayoonyesha miamala ya mtandao wa Ethereum, ni rahisi: unafungua ukurasa wa tokeni (sarafu ya kidijitali iliyo kwenye mtandao huo), unabofya kitufe cha kupakua, faili la CSV linafunguka kwenye Excel. Ukitaka kuangalia pochi (akaunti) moja tu, inatosha kabisa. Lakini upakuaji mmoja unaishia rekodi 5,000, na tokeni kama USDT huzimaliza hizo upesi mno.

Mimi nimehamia ethereum-etl, programu ya Python inayoendeshwa kwa amri. Unaiweka kwa `pip3 install ethereum-etl`, kisha unaita `export_token_transfers` ukitaja bloku (fungu la miamala) ya kuanzia, ya kuishia, anwani ya nodi (kompyuta iliyounganishwa na mtandao wa Ethereum) na ya tokeni. Ninachokipenda zaidi ni kuikata kazi vipande, bloku chache kwa kila kipande. Juzi hapa Uyole umeme ulikatika katikati ya kazi. Nilipoteza kipande kimoja tu, vingine vyote vilikuwa salama kwenye diski.

Angalizo, maana hapa wengi huumia: safu ya `value` huja ghafi, bila nukta. USDT ina desimali 6, kwa hiyo 2500000 ni USDT 2.5. DAI, tokeni nyingine, ina 18. Ukizichanganya bila kugawanya, hesabu yote imeharibika. Etherscan hukufanyia hiyo kazi, na kwa anayeanza huo ni msaada mkubwa. Ila kwa utafiti wa miezi mingi, jifunze amri.