Geko mdogo hataki kula? Nunua joto kabla ya wadudu

Geko chui akigoma kula, wengi hukimbilia kubadilisha wadudu, na pesa huishia hapo. Asili ya mjusi huyu ni nyika kavu za Pakistan, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India. Mwili wake hauzalishi joto la kutosha, na tumbo lililopoa halisagi chakula. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku hushuka hadi nyuzi 17 au 18. Kabale, kule milimani, ndiyo usiseme. Kwa hiyo naanza na joto, na cha kwanza kununua si taa.

Namba moja ni thamostati, kifaa kinachowasha na kuzima joto chenyewe. Sakafu ya upande mmoja wa kizimba inatakiwa ishike nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 25 hivi, mjusi ajichagulie. Bila thamostati unabahatisha tu. Za kuagiza nje ni ghali, lakini ile ya mashine ya kutotolea mayai hufanya kazi ileile. Ulizia kwa wauza vifaa vya kuku pale Container Village, Kampala. Ukipewa yenye nyaya wazi, fundi umeme aifunge kwenye kasha. Kihisio chake kikae sakafuni pale mjusi anapolala, kisining'inie hewani.

Namba mbili, mkeka wa joto wa wati 7 hadi 15, chini ya theluthi moja ya kizimba. Unapasha tumbo, na ndiko geko chui anakohitaji joto. Soma volti kabla hujalipa: wa Marekani wa volti 120 utaungua kwenye soketi zetu za 240.

Namba tatu ni taa ya kauri, isiyotoa mwanga. Hupasha hewa vizuri, kwa hiyo watu wa Kabale na Fort Portal wanaweza kuiongeza juu ya mkeka. Iwe na kishikio cha kauri na wavu wa kumzuia asiiguse.

Taa nyekundu ya vifaranga naiweka mkiani. Ni rahisi kupata, lakini wati 250 kwenye kizimba kidogo cha kioo zitamkaanga, tena inakula umeme kuliko mikeka kumi na tano. Jiwe la joto la umeme usinunue hata ukipunguziwa bei, linaunguza tumbo. Umeme ukikatika, chupa ya maji moto iliyofungwa taulo inatosha kwa saa chache, na usimlishe mpaka joto lirudi.

Sasa chakula. Nyenje wa kufugwa ndio bora: wanarukaruka, naye huwinda kinachosogea. Chagua wasiozidi upana wa nafasi kati ya macho yake, uwashibishe mboga siku moja kabla, kisha uwapake unga wa kalsiamu wenye vitamini D3. Mabuu ya nzi askari weusi, ambayo wafugaji wa kuku wanayajua vizuri, yanafuata; yana kalsiamu nyingi kiasili. Funza wa unga ni wa tatu, wana ganda gumu. Senene? Tuwaachie walaji wa Masaka. Sokoni huuzwa wameshanyofolewa mabawa na miguu, wakubwa mno kwa mtoto wa geko, na wa porini huenda wamepita kwenye dawa za shamba.

Mchanga wa kutandika uache dukani. Karatasi ya jikoni inatosha, maana mchanga ukimezwa huziba utumbo.

Aliyetoka yaini hali mpaka ajichune ngozi mara ya kwanza, siku tatu au nne. Aliyehamishiwa nyumba mpya naye huweza kususa siku kadhaa. Mwekee pango na maji, usimshikeshike. Tazama mkia, ndiyo ghala lake la mafuta: ukianza kukonda ilhali joto liko sawa, acha kununua vitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo na kinyesi chake kipimwe minyoo.