Uzoefu wangu na 7Hz Salnotes Zero: bei ndogo, sauti safi

Nianze na magitaa. Kuna nyimbo za dansi ninazozijua kwa moyo, zenye magitaa matatu yanayojibizana, na muda wote nilizoea kusikia lile la solo likipaa juu na besi ikinguruma chini. La katikati, lile la rizimu, lilikuwa limefunikwa, nikajua lipo kwa kukisia tu. Nilipovaa Salnotes Zero gitaa hilo lilijitokeza upande wa kushoto, mkwaruzo wa kila uzi ukisikika, na mpiga besi naye akawa anapiga noti unazoweza kuziimba, siyo mngurumo mmoja mrefu. Sikuwa nimetegemea hilo kutoka kwa spika za masikioni za bei hii.

Ni spika za waya kutoka kampuni ya 7Hz, zilizoingia sokoni mwaka 2022. Bei yake ipo katika daraja la chini kabisa, daraja ambalo wengi wetu hununua, zikakatika, tukanunua nyingine. Sauti ya daraja hilo naifahamu vizuri: besi iliyotiwa chumvi mpaka inammeza mwimbaji, na huko juu kila herufi “s” inachoma sikio. Zero haziko hivyo hata kidogo, na ningependa kueleza kwa nini, maana sababu yenyewe itakusaidia hata ukiamua kununua za kampuni nyingine.

Ndani ya kila upande kuna kispika kimoja tu chenye kipenyo cha milimita 10. Kwenye matangazo utakutana na spika za masikioni zinazojisifu kuwa na vispika vinne, sita au zaidi kila upande, kana kwamba wingi ndio ubora. Kinachoamua zaidi ni urari: sauti za chini, za kati na za juu zimepangwa vipi zikilinganishwa. Na hapo kuna ugumu ambao wengi hatuufikirii. Sikio likiwa wazi hukuza lenyewe sauti zilizo karibu na hezi 3,000 (mitetemo 3,000 kwa sekunde), kwa sababu ya umbo la tundu lake na la sikio la nje. Eneo hilo ndilo linalobeba uwazi wa maneno na uhai wa sauti ya mtu. Ukiliziba sikio kwa spika, ukuzaji huo wa asili unavurugika, hivyo mtengenezaji lazima aurudishe kwa makusudi. Asipourudisha, mwimbaji anasikika kama yuko nyuma ya pazia. Akizidisha, sauti inakuwa kali na baada ya nyimbo chache unazivua.

Waliotengeneza Zero wamepatia hapo. Urari wake uko karibu na ule uliotokana na utafiti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, ulioongozwa na mtafiti Sean Olive, ambao ulijengwa juu ya jambo rahisi: wasikilizaji wapewe sauti zilizopangwa kwa namna tofauti, kisha waseme ipi inawapendeza. Matokeo hayo yamechapishwa, na mtengenezaji yeyote anaweza kuyafuata, mkubwa kwa mdogo. Kuna utafiti mwingine ninaoupenda hata zaidi. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za aina mbalimbali, na hakukuta uhusiano kati ya bei na namna zilivyopangwa sauti zake. Jambo hili linanifurahisha sana. Mwanafunzi asiye na pesa nyingi anaweza kusikia muziki ulivyorekodiwa, bila kungoja siku atakayoweza kununua kitu cha kifahari.

Pesa ya ziada, basi, hununua nini? Hununua malighafi nzuri zaidi, uwezo wa kuzima kelele za nje, jina, na uhuru wa kutokuwa na waya. Hivi vyote vina thamani yake. Lakini spika zisizo na waya zinazouzwa kwa bei ya Zero, bei hiyohiyo lazima igawanywe: kuna betri mbili ndogo, betri ya kisanduku cha kuchajia, chipu ya Bluetooth, maiki. Kinachobaki kwa ajili ya sauti yenyewe ni kidogo. Za waya hazina mzigo huo. Pia hazichajiwi, na kwenye video au mchezo sauti haibaki nyuma ya picha.

Sasa nirudi kwenye kusikiliza. Sauti za watu ndizo zinazonipendeza zaidi hapa. Kwaya inapoimba sauti nne naweza kuchagua kumfuata mwimbaji wa sauti ya tatu na nisimpoteze hadi mwisho wa ubeti. Vitabu vya kusikiliza na mihadhara inaeleweka hata kwa sauti ya chini, konsonanti zote zipo mahali pake. Kwenye rekodi za zamani zenye mikwaruzo, mikwaruzo hiyo inasikika pia, maana spika hizi hazifichi kitu. Rekodi mbovu itabaki mbovu, na faili zilizobanwa mno nazo utazitambua mara moja.

Besi ni ya kiasi. Inashuka chini vya kutosha, ni nadhifu, ngoma kubwa inapiga na kunyamaza kwa wakati, lakini haitikisi kichwa. Kwangu huo ndio ubora wake. Anayependa besi nzito atazihisi nyepesi, na kwake ningependekeza aongeze kidogo kwa ikwalaiza (kirekebisha urari wa sauti) ya simu, au atazame Zero:2, iliyotolewa mwaka 2023 kwa ushirikiano na mchambuzi wa spika za masikioni anayejulikana kama Crinacle, ambayo imeongezewa sauti za chini.

Kabla hujazihukumu kwa besi, hata hivyo, angalia vimpira, vile vya ncha ya spika vinavyoziba tundu la sikio. Hili naliona ndilo jambo muhimu kuliko yote kwa spika zozote zinazoingia ndani ya tundu la sikio. Besi hutegemea kuzibwa kwa tundu hilo. Hewa ikipata upenyo mdogo tu, sauti za chini zinatoroka na unabaki na ukali wa juu peke yake. Naamini wengi wanaolalamika kwamba spika fulani ni kavu wanasikiliza vimpira visivyowatosha. Kwenye boksi mna saizi kadhaa, zijaribu zote, na usione ajabu sikio la kulia likihitaji saizi tofauti na la kushoto, masikio ya mtu mmoja hayalingani sawasawa. Kipimo changu ni hiki: nacheza wimbo wenye besi ninaoufahamu, kisha nasukuma spika taratibu ndani kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla ninapozisukuma, kimpira hakijaziba, nabadilisha. Zikivaliwa vizuri, kidole hakibadilishi kitu.

Bomba linaloingia sikioni ni nene kiasi, hivyo mwenye matundu madogo ajaribu kwanza vimpira vidogo vya silikoni laini. Waya unapita juu ya sikio na kushukia nyuma yake. Ukishauzoea mtindo huo hutaki mwingine: spika zinatulia hata ukigeuza kichwa, na ule msuguano wa waya kwenye nguo, unaosikika hadi masikioni, unapungua sana.

Kuziba vizuri kuna faida nyingine ambayo naichukulia kwa uzito. Kelele za nje zikipungua, huna haja ya kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila sauti inapoongezeka kwa desibeli 3 muda salama unapungua kwa nusu. Usikivu uliopotea kwa kelele haurudi. Mahali penye vurugu, kwa spika zilizolegea, mtu hupandisha sauti mpaka mwisho bila kujua, ila kwa Zero kwenye simu yangu mara nyingi sifiki hata nusu. Tahadhari ni barabarani: hutasikia honi, kwa hiyo ukivuka toa upande mmoja.

Kuhusu simu, hazihitaji nguvu ya pekee. Ukinzani wake ni omu 32, kiwango ambacho simu au kompyuta ya kawaida inakimudu bila kifaa cha kukuza sauti. Plagi ni ile ya kawaida ya milimita 3.5. Simu yako ikiwa haina tundu hilo utahitaji adapta ya USB-C, na hapa soma maelezo kabla ya kununua. Baadhi ya adapta ni waya mtupu unaotegemea simu itoe sauti ya analogi, na simu nyingi hazifanyi hivyo. Inayofanya kazi karibu kila mahali ni ile yenye chipu ndani inayobadilisha sauti ya dijitali kuwa ya analogi. Nazo hazina gharama kubwa.

Za kwangu hazina maiki, hivyo nikipigiwa simu naongea na simu yenyewe. Ila waya wake unachomoka, una pini mbili za milimita 0.78, kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi. Maana yake unaweza kununua waya wenye maiki na kuuchomeka, na siku waya ukikatika hutupi spika nzima, unabadilisha waya. Kwangu hilo lina uzito karibu sawa na sauti. Unapochomoa, vuta kwa kushika kichwa cha plagi, usivute waya, na hakikisha pini zimenyooka kabla ya kurudisha.

Upande mmoja ukianza kusikika chini kuliko mwingine, usikimbilie kudhani umekufa. Toa kimpira uangalie kichujio kilicho mdomoni mwa bomba. Mara nyingi ni nta ya sikio imeziba. Kifute kwa brashi laini kavu, spika ikiwa imeangalia chini ili uchafu usidondokee ndani.

Anayekimbia au anayeongea na simu kutwa nzima atahudumiwa vizuri zaidi na zisizo na waya. Anayetaka kukaa na kusikiliza, achukue hizi, na pesa atakayobakiza anunue adapta nzuri pamoja na pakiti ya vimpira vya ziada.