WordPress au HTML ya mkono kwa duka lako Kisumu?

Wauzaji wa mitumba wa soko la Kibuye huniuliza swali hili kila mara. WordPress ni programu ya kutengeneza na kuendesha tovuti; HTML ni lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, na hapa unaziandika mwenyewe.

Tuanze na gharama. Zote mbili ni bure. Unacholipia kila mwaka ni kikoa, yaani jina la tovuti linaloishia na .co.ke, na nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayoiweka tovuti mtandaoni. Hapa HTML inashinda, maana kurasa zake ni nyepesi na kuna wanaozihifadhi bila malipo. Hata mteja mwenye bando dogo zitamfungukia.

HTML ni kuta za nyumba, CSS ni rangi yake, na hakuna hifadhidata, yaani ghala la taarifa za tovuti, ya kuharibika. WordPress, iliyoanza 2003, hudai kusasishwa pamoja na plagini zake, yaani programu ndogo za kuiongezea kazi. Mimi niliwahi kuiacha plagini ya fomu miezi kadhaa. Asubuhi moja nikakuta ukurasa mweupe pe.

Lakini kubadilisha bei! Kwenye WordPress unaingia kwa simu, unaandika, unabonyeza kuchapisha. Kwenye HTML unaisaka <p>Sh 800</p> ndani ya faili, kisha unaipandisha upya kwenye seva.

Bidhaa zikibadilika kila wiki, nenda WordPress. Fundi wa Kondele anayehitaji namba ya simu na ramani tu, HTML inamtosha kabisa.