Kufufua Singer 29K: karakana ya cherehani nzito Mwanjelwa, Mbeya

Karakana ninayoizungumzia haina kibao wala jina. Ipo Mwanjelwa, jijini Mbeya, miongoni mwa mafundi wa vyuma, na mwenyewe anafahamika kwa kufufua cherehani nzito za zamani ambazo mafundi wengi huzikataa. Nilimpelekea Singer 29K, cherehani ya kushonea viatu, kutoka Tukuyu, na nimeirudisha kazini msimu mzima wa mvua kabla ya kuandika tathmini hii. Naieleza kazi yake kwa kirefu kwa sababu wapo wenzangu Rungwe, Makete na Njombe wenye mashine za aina hii zilizolala stoo, zikisubiri mnunuzi wa vyuma chakavu, ilhali bado zina maisha marefu ya kazi ndani yake.

Herufi K katika jina la mashine hii inaonyesha kuwa ilitoka katika kiwanda cha Singer cha Kilbowie, Clydebank, nchini Uskoti, kiwanda ambacho kilifungwa mwaka 1980. Namba ya yangu inaanza kwa herufi mbili, ya kwanza ikiwa E, utaratibu ulioanza mwaka 1935, kwa hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kinachoitofautisha na cherehani ya nguo ni kwamba haina meno ya kusukuma kitambaa kwa chini: mguu wenyewe unaishika ngozi, unaivuta na kuiachia, na unaweza kuzungushwa pande zote, ili fundi ashone kuzunguka kiraka bila kukigeuza kiatu. Mkono wake mwembamba unaingia hadi ndani ya kiatu. Uzuri huo ndio pia chanzo cha maradhi yake, kwa kuwa nguvu yote inapita katika vipande vidogo vya kichwani na katika reki yenye meno iliyojificha ndani ya mkono, ambayo huizungusha gia ndogo inayoendesha shato, yaani kile kipande kinachobeba uzi wa chini. Vipande hivyo vikilika, mishono inakuwa mifupi, kisha inaanza kuruka.

Mafundi wengi wakiletewa cherehani huanza kwa kuifungua. Huyu alianza kwa kushona. Aliomba kipande cha ngozi ya soli, akaweka urefu wa mshono hadi mwisho, akashona mstari kwa kila upande ambao mguu unaelekea, kisha akaipima mistari yote kwa rula. Mashine ilitoa mishono 8 kwa inchi mahali ilipopaswa kutoa kama 5, na upande mmoja ulikuwa mfupi zaidi. Baada ya hapo alilishika gurudumu lisizunguke, akaisukuma shato kwa kidole, nayo ikacheza huku na huku. “Kaka, tatizo si sindano,” aliniambia. “Reki imelika, na huku juu tundu la pini limekuwa yai.” Kabla hajagusa bisibisi, nilikuwa nimekwisha kujua ninalipia nini.

Mafuta ya zamani yaliyoganda aliyalainisha kwa mafuta ya taa, akaviacha vipande vilale humo usiku kucha, na baada ya kuvikausha akavipaka mafuta ya cherehani, kwa sababu mafuta ya taa husafisha lakini hayalindi chuma. Tundu lililolika alilipanua kwenye mashine ya kukereza, akaliwekea bushi ya shaba. Reki na gia viliagizwa Kariakoo, kwa kuwa vipuri vya 29K bado vinatengenezwa hadi leo. Mwisho alipanga muda wa shato, na hapo aliniita nitazame kwa karibu: sindano ikishafika chini kabisa na kuanza kupanda, uzi hujikunja kitanzi kidogo pembeni mwa tundu lake, na ncha ya shato haina budi kupita ndani ya kitanzi hicho. Aliuzungusha mtambo kwa mkono, polepole, mara nyingi, mpaka aliporidhika.

Ninachomsifu zaidi ni kukataa kwake kuipaka rangi. Nimeona cherehani zilizopuliziwa rangi mpya zikang’aa dukani, kumbe matundu ya mafuta yamezibwa na ndani chuma kinasaga chuma. Kwenye mashine nyingi za zamani ile michoro ya dhahabu imefunikwa kwa shelaki, aina ya vanishi, ambayo huyeyuka kwa spiriti, na kitambaa kimoja chenye spiriti kinatosha kuifuta moja kwa moja. Yeye alisafisha kwa mafuta ya cherehani na kitambaa laini tu, akaondoa kutu ya gurudumu kwa msasa mwembamba, na kwingine akaiacha ilivyo.

Yapo yasiyoridhisha. Aliahidi wiki mbili, kazi ikazidi mwezi, na kila mara ni mimi niliyepiga simu kuulizia. Hatoi risiti mpaka umuombe, na mtu anayeacha mali ya thamani hiyo anastahili kupewa hati siku ileile anayoikabidhi. Kanyagio hakuligusa kabisa. Mkanda wa ngozi ulikuwa umelegea na unateleza, nikalazimika kuukata na kuuunga upya mwenyewe baada ya kufika nyumbani. Ufundi ulinigharimu shilingi 150,000, vipuri pembeni. Kwa anayeshona viraka vichache kwa wiki, ile nakala nyepesi ya Kichina ya kuzungusha kwa mkono inaweza kumtosha, ingawa inamwachia mkono mmoja tu wa kushikia kiatu. Kwa anayeishi kwa kazi hii, kanyagio linaloacha mikono yote miwili huru, na linalofanya kazi hata umeme ukikatika, linastahili gharama hiyo.

Atakayekwenda aende na sindano zake, kwani pale haziuzwi. Mashine hii hutumia 29x3 kwa ngozi na 29x4 kwa kitambaa. Sindano ya cherehani ya kawaida haiifai. Aombe pia mshono wa majaribio upimwe mbele yake siku ya kuichukua, kwa kila upande wa mguu, kama ulivyopimwa siku ya kuipeleka.